Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Methali hii kila mmoja wetu ameisikia tangu utotoni. Tunaitamka tunapompokea mtu mlangoni, tukimaanisha kwamba ujio wake ni neema: kuku atachinjwa, chai itapikwa kwa maziwa, na wenyeji nao watapata kushiba kwa sababu ya mgeni. Juma hili napenda tuitazame kwa upande wa mgeni mwenyewe. Iwapo kuja kwangu kunapaswa kumponya mwenyeji, je, nina wajibu gani kabla sijabisha hodi?

Swali hili lilinijia kwa uzito mwaka 2020, wakati wa janga la korona, na lilinijia kwa njia ambayo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Lilitokana na watu waliotaka kutweka tanga na kwenda baharini kwa ajili ya kujiburudisha tu.

Wengi mnafahamu kwamba mimi ni mzaliwa wa milimani, na kwamba bahari nimeijua ukubwani, baada ya kutumwa katika parokia hii ya pwani. Hapa nimekuta kikundi cha waamini saba wanaopenda bahari kwa mapenzi yasiyo ya biashara. Wamo walimu wawili, mume na mke. Ndugu wawili wenye duka la vipuri vya pikipiki. Fundi seremala mmoja. Na muuguzi pamoja na mdogo wake wa kiume. Hawa si wavuvi. Msimu wa kusi unapotulia, hukodi ngalawa mbili siku ya Jumapili alasiri, wakaelekea kwenye kisiwa kidogo cha mchanga na mikoko ambako wavuvi wana dago lao. Mkuu wa dago hilo ni mzee ambaye miaka yake hakuna aijuaye, naye huwapokea kwa samaki wa kuchoma na kahawa chungu. Nami nimepanda nao mara kadhaa, nikakaa pale nilipoambiwa nikae, kwani mtu wa bara ndani ya ngalawa ni shehena, si baharia.

Katikati ya mwaka 2020 walinijia baada ya Misa, wakiwa wamegawanyika. Nchini kwetu shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, lakini makanisa yalibaki wazi, na hapakuwa na amri iliyomkataza mtu kutoka na chombo chake. Kwa hiyo suala halikuwa la sheria. Lilikuwa limeachwa kwenye dhamiri ya kila mmoja. Fundi seremala alisema, "Baba Paroko, kule kuna upepo mtupu. Hiyo korona itapanda ngalawa kwa ngazi gani?" Muuguzi akamjibu kwa upole, "Kaka, upepo ni wa tanga. Sisi humo ndani tumekaa magoti kwa magoti."

Nilipowasikiliza niliona kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli, ila kila mmoja alikuwa akizungumzia mahali tofauti. Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza mengi juu ya jambo hili, nami nimefikia kuamini kwamba mtu anayetoka baharini wakati wa maradhi ya kuambukiza hupita mahali patatu, na kila mahali pana hatari ya namna yake. Pa kwanza ni peupe, penye upepo. Pa pili ni ndani ya chombo. Pa tatu ni ufukweni, kwa wenyeji.

Tuanze na mahali peupe. Virusi vya korona huenea zaidi kwa njia ya hewa tunayoipumua. Mtu anapozungumza, anapoimba au kukohoa, hutoa matone, mengine makubwa yanayoanguka karibu, na mengine madogo mno yanayoelea hewani kama moshi wa sigara. Penye upepo moshi huo hutawanyika upesi. Ndiyo maana hatari ya kuambukizana nje ni ndogo mno kuliko ndani ya nyumba. Hapa fundi seremala alikuwa na haki yake. Hata hivyo, tusisahau kwamba ngalawa ni gogo jembamba lililochongwa, na kilichopana ni matengo yake tu. Watu wanne humo hukaa wakielekeana, na kwa kuwa upepo hupokonya maneno, huzungumza kwa kupaza sauti. Saa tatu za kupaza sauti uso kwa uso si jambo dogo, hata kama mbingu ndiyo paa lenu. Tena, hatari haianzi baharini: huanzia pwani, watu wote wanaposhika chombo kwa pamoja na kukisukuma majini, bega kwa bega, wakihema.

Mahali pa pili ni ndani ya chombo, na hapa ndipo bahari huwadanganya wengi. Bahari ni pana kupita kadiri, lakini chombo ni chumba kimoja. Mwanzoni mwa Februari 2020 meli ya kitalii iitwayo Diamond Princess ilifika Yokohama, nchini Japani, ikiwa na watu 3,711, abiria pamoja na wafanyakazi. Abiria mmoja aliyekuwa ameteremka Hong Kong tarehe 25 Januari alikwisha kugundulika kuwa na ugonjwa huo. Abiria wakafungiwa ndani ya meli kwa karantini, huku wafanyakazi wakiendelea kuwapikia na kuwahudumia. Mwishowe watu 712 waligundulika kuambukizwa. Madirisha ya meli yalitazama bahari yote ya Yokohama, lakini hewa waliyoivuta ilikuwa ya ndani.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, ilisikika habari ya meli ya uvuvi ya Argentina iitwayo Echizen Maru. Mabaharia wake 61 walikuwa wamekaa siku 14 za karantini hotelini mjini Ushuaia, na vipimo vyao vikaonyesha kwamba ni wazima. Baada ya siku 35 baharini, bila kukutana na watu wengine, walirudi bandarini kwa kuwa baadhi yao walikuwa wagonjwa. Walipopimwa, watu 57 walikutwa na virusi. Habari hii inatufundisha unyenyekevu. Kipimo ni picha ya siku moja, si hati ya kudumu. Kwa kawaida dalili huonekana kati ya siku ya pili na ya kumi na nne baada ya kuambukizwa, mara nyingi zikijitokeza kuzunguka siku ya tano. Na mtu aweza kumwambukiza mwenzake siku moja au mbili kabla hajajihisi mgonjwa. Yaani yule anayekuambia "mimi niko salama" aweza kuwa anasema ukweli wote anaoujua, na bado akawa amebeba ugonjwa.

Wenzetu wa nchi za mbali wanaosafiri kwa mashua kubwa za matanga zenye vyumba vya kulala wanajua jambo hili vizuri zaidi yetu. Katika mashua ya namna hiyo watu wanne hulala, hupika na kula katika nafasi isiyozidi sebule ndogo. Daktari hayupo, na pwani yaweza kuwa mbali kwa wiki mbili. Akiugua mmoja na kushindwa kupumua, hakuna mtungi wa oksijeni. Kwa hiyo wenye hekima kati yao walijiwekea utaratibu: wanaosafiri pamoja hujitenga na wengine siku kadhaa kabla ya kung'oa nanga, ununuzi wa mwisho hufanywa na mtu mmoja aliyevaa barakoa, madirisha ya sitaha huachwa wazi kila hali ya bahari inaporuhusu, kila mmoja huwa na shuka lake, kikombe chake na taulo lake, na chumba kimoja, aghalabu cha omoni, hutengwa kwa atakayeugua. Mgonjwa hapiki. Anayemhudumia huvaa barakoa yenye kubana vizuri, na wengine hugawana zamu zake za usukani. Kifaa kidogo cha kupima oksijeni kidoleni huwamo katika sanduku la dawa, kwa kuwa kiwango kikishuka chini ya 90 katika mia hiyo ni hatari kubwa, na msaada wapaswa kuombwa kwa redio bila kungoja.

Nchini Uingereza vilevile utaratibu ulifuata njia hiyo. Mwezi Machi 2020 watu wote waliokuwa na mashua za starehe walitakiwa kubaki nyumbani. Sababu mojawapo ilistahili heshima: watu wengi wanaotoka na boti za uokoaji kule ni wa kujitolea, walioacha kazi zao na familia zao. Mwenye mashua akipatwa na dhoruba, mwokozi humshika mikono na kumpandisha kwenye boti yake, naye hawezi kufanya hivyo akiwa mita mbili mbali. Kwa hiyo anayetoka kujiburudisha hachukui hatari yake peke yake. Huikopa pia ya mtu ambaye hajamwona bado. Kutoka baharini kwa siku moja kuliruhusiwa tena England mwezi Mei mwaka huo; kulala ndani ya mashua kulingoja hadi Julai. Kwanza peupe, kisha chumbani.

Sasa tuje mahali pa tatu, ambapo ndipo kiini cha tafakari hii: ufukwe wa mwenyeji.

Janga lilipoanza, mashua nyingi za matanga zilikuwa katikati ya bahari kuu, zikitembea kutoka kisiwa hadi kisiwa. Wasafiri hao waliondoka bandari moja dunia ikiwa wazi, wakafika nyingine wakakuta imefungwa. Visiwa vya Pasifiki vilikuwa vikali mno. Polinesia ya Ufaransa iliwataka waingiao wote waende Papeete, wasizunguke visiwani. New Zealand ilifunga mipaka yake ya bahari kwa vyombo vya kigeni mwishoni mwa Juni 2020, isipokuwa kwa vibali maalumu. Fiji, kwa upande wake, iliweka njia ya uangalifu: siku zilizotumika baharini zilihesabiwa katika siku 14 za karantini, na msafiri alipimwa kabla ya kuteremka. Wapo wasafiri waliolalamika kwamba watu wa visiwa wamekuwa wakatili, wanawanyima maji na hifadhi watu waliochoka. Nami naona machungu yao, maana mtu aliye baharini katika msimu wa vimbunga anahitaji bandari kama aliye jangwani anavyohitaji kisima.

Lakini watu wa visiwa wana kumbukumbu. Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland, ilitia nanga Apia, katika Samoa iliyokuwa chini ya utawala wa New Zealand. Ndani yake walikuwamo wagonjwa wa homa kali ya mafua iliyokuwa ikienea duniani mwaka ule. Meli haikuzuiwa. Abiria waliteremka, wakapokewa kwa ukarimu kama desturi ya watu wale ilivyo. Ndani ya majuma machache walikufa watu wapatao 8,500, karibu mtu mmoja katika kila watano wa nchi ile. Wazee waliobeba historia, mashairi na elimu ya mababu walikwenda kwa pamoja. Na si mbali na hapo, katika Samoa iliyo chini ya Marekani, gavana John Martin Poyer aliamuru vyombo vyote vizuiwe, na wenyeji wakasaidia kulinda fukwe zao usiku na mchana. Huko hakufa mtu hata mmoja kwa maradhi hayo. Mwaka 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliomba radhi rasmi kwa watu wa Samoa, na habari ya meli ile ilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyataja.

Ndugu zangu, nimeirudia habari hii mara nyingi moyoni, kwa sababu hii: kwa kawaida faida ya tahadhari haionekani. Mtu akijizuia, na jirani yake asiugue, hakuna anayekuja kumshukuru, wapo hata watakaomcheka, "Uliogopa bure, mbona hakuna kilichotokea?" Lakini mwaka 1918 Mungu alituachia visiwa viwili vyenye watu wa damu moja na lugha moja, kimoja kikimpokea mgeni bila kumuuliza, na kingine kikimngojesha. Hapo tunaweza kuona kwa macho kile ambacho hufichika siku zote. Korona ilipozuka, Samoa ilijifunga mapema, na maambukizi ya ndani kwa ndani hayakuonekana huko mpaka Machi 2022, wakati chanjo ilikwisha kuwafikia watu wengi. Huo haukuwa ukatili. Walikuwa watoto wakikumbuka makaburi ya mababu zao.

Desturi ya kumngojesha mgeni wa baharini ni ya kale. Mji wa Ragusa, ambao leo ndio Dubrovnik, uliweka mwaka 1377 kanuni kwamba watokao penye tauni wangoje siku 30 kabla ya kuingia. Venisi ikafanya kisiwa kizima kuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa mwaka 1423, na kutokana na lugha ya watu wale, kwa hesabu ya siku 40, tumepata neno letu karantini. Nasi hatuko mbali na historia hiyo. Wanaotembelea Zanzibar hupenda kupanda mashua Mji Mkongwe na kwenda Changuu kuwatazama kobe wakubwa. Jengo la kisiwa kile, lililomalizika mwaka 1894, lilikusudiwa kuwa gereza, lakini likatumika kwa karantini ya watu walioletwa na meli. Kwa hiyo mtalii anayekula chungwa lake kwenye kivuli kile ameketi mahali ambapo wasafiri wengine waliketi wakihesabu siku.

Mpaka leo mashua inayofika katika nchi ngeni hupandisha bendera ndogo ya manjano. Wengi hudhani maana yake ni "humu mna ugonjwa." Sivyo. Katika lugha ya bendera za baharini maana yake ni kwamba chombo changu ni kizima, naomba ruhusa ya kuingia. Tazameni uzuri wa adabu hiyo. Nahodha anasema ninavyojiona ni mzima, lakini hajipi ruhusa mwenyewe. Anasimama nje, anangoja mwenyeji aje amtazame, na mpaka hapo hakuna anayeteremka. Hiyo ni hodi ya baharini.

Nilipowaeleza wale waamini saba habari ya bendera hiyo, waliishika kuliko mashauri yangu yote. Wakakaa wenyewe wakapanga, nami naandika hapa walichokipanga kwa sababu huenda kikawafaa wengine.

Kwanza, walio wa nyumba moja wapande chombo kimoja. Walimu, mume na mke, pamoja na fundi seremala aliyekuwa akiishi uani kwao, wakachukua ngalawa moja. Wale ndugu wawili wakachukua ya pili. Muuguzi na mdogo wake wakasema wao watangoja mpaka ipatikane ya tatu, kwa kuwa yeye alikuwa akiwahudumia wagonjwa kila siku, na hakutaka kukaa magoti kwa magoti na mtu asiye wa nyumbani kwake. Nakiri kwamba uamuzi huo uliniuma kuutazama. Yeye ndiye aliyehitaji kupumzika kuliko wote, naye ndiye aliyebaki ufukweni Jumapili nne mfululizo. Wenzake hawakulikubali jambo hilo likae hivyo. Walichanga fedha wakakodi mtumbwi mdogo wenye tanga, na Jumapili ya tano ndugu wale wawili wakatoka peponi mwa wengine na vyombo vitatu vikasafiri kwa kuonana, si kwa kugusana.

Pili, yeyote atakayeamka na homa, kikohozi, au asiyesikia harufu ya chai yake asubuhi, atume ujumbe mapema, na asiulizwe maswali ya kumwaibisha. Hili linaonekana dogo, lakini mnakumbuka hali yetu ya siku zile. Watu waliogopa kutaja jina la ugonjwa. Mwanzoni mwa 2021 tulikuwa tukizika wapendwa wetu tukisema wamepatwa na changamoto ya upumuaji. Katika kikundi kile mwalimu mmoja aliandika siku moja, "Leo sipandi, nimeamka na homa," na wote wakamjibu kwa pole na wakampelekea uji mlangoni. Pale aibu inapokuwa kubwa kuliko ugonjwa, watu hupanda chomboni wakificha kikohozi.

Tatu, barakoa wakati wa kusukuma chombo na kupakua; maji baridi na sabuni katika dumu, kwani sabuni ya kawaida haitoi povu vizuri katika maji ya chumvi; kila mtu kikombe chake; na majaketi ya kujiokolea yasibadilishwe. Nne, wasitoke upepo unapokuwa mkali, ili wasiwatie wavuvi katika kazi ya kuwaokoa.

Na tano, wasiteremke dagoni.

Hili la tano lilikuwa gumu kuliko yote. Kufika kwa mtu na kukataa kuketi kwake ni tusi katika pwani hii. Nilikuwamo ngalawani siku walipolitimiza kwa mara ya kwanza. Tulishusha tanga mbali kidogo na mchanga, upande ambao upepo ulitoka kisiwani kuja kwetu. Mzee alikwisha kusimama ufukweni, moto ukifuka nyuma yake. Walimu wakamwamkia kwa sauti, "Shikamoo babu!" Akaitikia, "Marahaba wanangu, teremkeni!" Wakamweleza kwamba mjini kuna maradhi, kwamba hawajijui kama ni wazima, na kwamba hapa kisiwani hakuna zahanati. Wakaweka tenga lenye unga, sukari na kahawa juu ya fungu la mchanga lililotokeza maji yalipokupwa, wakarudi nyuma.

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwani mimi nimewakosea nini, hata mniletee chakula kama anavyoletewa mfungwa?" Hakuna aliyejua la kumjibu. Ndipo muuguzi, ambaye siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kutoka, akasimama ndani ya mtumbwi wake akasema, "Babu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi leo hatuna hakika kama tumekuja kukuponya."

Akacheka, kicheko cha wazee kinachoanzia tumboni. Akaliendea tenga, akaondoka nalo, na kabla ya maji kujaa alirudi akaweka palepale samaki wawili waliofungwa kwa ukindu. Msimu wote ule waliishi hivyo, wao wakiweka na yeye akichukua, yeye akiweka na wao wakichukua, na mazungumzo yakipita juu ya maji.

Mtaniuliza, je, walimwokoa mzee? Katika ufukwe wetu hapakuwa na kisiwa cha pili cha kulinganisha. Ninachoweza kusema ni kwamba hawakumfanya mtu asiye na zahanati alipe gharama ya burudani yao, na kwamba urafiki haukufa kwa sababu ya umbali wa mita chache. Nami lilinifaa mimi mwenyewe katika kazi yangu. Padre ni mgeni wa kudumu: huingia katika vyumba vya wagonjwa, hushika vipaji vya nyuso, hutoka nyumba moja akaingia nyingine. Januari 2021 maaskofu wetu walituandikia kutuhimiza tuchukue tahadhari, na Machi mwaka huo Baraza lao lilieleza kwamba mapadre zaidi ya 25 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili wakiwa na matatizo ya kupumua. Niliendelea kuwapelekea wagonjwa mafuta matakatifu, lakini kwa barakoa, madirisha yakiwa wazi, na kwa kuuliza kwanza mlangoni. Wapo waliodhani imani imepungua. Mimi niliona kwamba nimejifunza kubisha hodi vizuri zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Ugonjwa wenyewe haujaondoka, na mengine yako njiani, kwani bandari na vyombo havijaacha kazi yake. Bahari imefunguliwa, mashua zinatoka, na mimi nawatakia kheri wote wanaokwenda kupunga upepo. Basi nawaomba jambo moja tu lililo jepesi kulikumbuka. Kabla ya kwenda kwa mzazi aliye kijijini, kwa mtoto mchanga, kwa mgonjwa hospitalini, au kwenye kisiwa kisicho na zahanati, jitazame. Ukiwa na homa, sema. Ukiwa na shaka, ngoja. Ukizuiwa mlangoni, usikasirike; huenda aliye ndani anakumbuka jambo usilolijua. Zawadi yaweza kutangulia nawe ukafuata baadaye.

Mwenyezi Mungu awalinde nyote, mlio nchi kavu na mlio majini. Tuonane Jumapili.

Paroko wenu.